Themostati ya kuchomeka kwenye bruda ya vifaranga: sensa ikae wapi, upange nyuzi ngapi, na nini huharibika

Kifaranga wa siku moja hawezi kujitunzia joto, ndiyo maana hulelewa kwenye bruda, yaani sehemu iliyopashwa joto. Ana manyoya mepesi ya utotoni tu, na mpaka afikishe kama wiki 2 mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Anahitaji nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, awe Njombe mwezi wa Juni usiku wa baridi kali, awe Dar es Salaam mwezi wa Februari ambako mchana hewa yenyewe inakaribia kiwango hicho. Balbu ya joto iliyochomekwa moja kwa moja ukutani haijui tofauti hiyo. Saa nane mchana inawachoma, saa kumi alfajiri haiwatoshi.

Themostati ya kuchomeka hukaa kati ya soketi ya ukutani na balbu. Ina waya mwembamba wenye sensa nchani. Sensa ikisoma baridi, kifaa hupeleka umeme kwenye balbu. Joto likifika pale ulipopanga, hukata. Zenye soketi mbili hutumia moja kwa balbu na nyingine kwa feni. Kazi yake inaishia hapo. Haijui kama vifaranga wana baridi. Inajua joto la nchani mwa sensa, basi. Hasara nyingi kwenye bruda za umeme zinaanzia kwa mfugaji kusahau jambo hili.

Kabla ya kununua, piga hesabu ya balbu

Balbu moja ya joto ya wati 250 inatosha vifaranga 80 hadi 100. Ukanda wa baridi, hesabu vifaranga 80 au pungufu. Kwa vifaranga 300 weka balbu 4, yaani wati 1000, ambazo kwa umeme wa volti 230 huvuta ampea 4.3 hivi. Zikiwaka mfululizo saa 24 zinakula uniti 24 kwa siku. Themostati ikizifanya ziwake nusu ya muda, ni uniti 12, na hapo ndipo kifaa kinarudisha gharama yake.

Themostati nyingi za kuchomeka zimeandikwa ampea 10, kwa maana ya wati 2300. Usizifikishe huko. Balbu ikiwa ya baridi huvuta umeme mwingi mno kwa nukta ile inayowaka, kuliko ikishapata moto. Cheche za kila mara zinaunguza midomo ya rilei, yaani swichi ya ndani ya kifaa inayowasha na kukata umeme, na mwisho midomo hiyo hugandana. Rilei ikigandana balbu hazizimi tena, hata kioo cha namba kioneshe nyuzi 40. Kwa kifaa cha ampea 10, ishia wati 1500. Ukihitaji zaidi ya hapo, fundi umeme akufungie kontakta, yaani swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme: themostati iamrishe kontakta, na kontakta ndiyo ibebe mzigo wa balbu.

Angalia pia kuwa kimeandikwa volti 220 hadi 240. Vipo vilivyotengenezwa kwa volti 110 za Marekani, na hivyo vitaungua siku ya kwanza. Plagi ni tatizo jingine: vifaa vingi vinakuja na plagi ya pini mbili za duara, na mfugaji anaichomeka kwa adapta ya bei rahisi inayolegea na kupata moto. Ni heri kukata plagi hiyo na kufunga ya pini 3 yenye fyuzi ya ampea 5 (inatosha kwa wati 1000), waya wa ethi ukiwa umeunganishwa. Ikiwa waya wa kifaa hauna ethi kabisa, kiache dukani. Vile vidude vidogo visivyo na plagi wala boksi, kama STC-1000, vinafanya kazi nzuri na bei yake ni nafuu, lakini ni vya kufungwa na fundi ndani ya boksi. Nyuma vina skrubu zenye umeme zilizo wazi, na bandani kuna vumbi, unyevu na panya.

Ipime kabla ya kuiamini

Sensa mpya inaweza kudanganya nyuzi 1 au 2, na kwa kifaranga hizo ni nyingi. Chukua kikombe cha maji ya vuguvugu, tumbukiza ncha ya chuma ya sensa pamoja na kipimajoto cha homa cha kidijitali, koroga, subiri dakika 3. Maji yawe kati ya nyuzi 36 na 39, kwa sababu kipimajoto cha homa kimetengenezwa kusoma vizuri eneo hilo. Kipimajoto kikisema 37.5 na themostati ikisema 36, ingiza marekebisho ya +1.5. Kwenye STC-1000 marekebisho hayo ni F4. F1 ni joto unalotaka, F2 ni tofauti ya kuwasha na kuzima, na F3 ni dakika za kusubiri kabla ya upande wa kupoza kuwaka tena.

Kisha jaribu kama kifaa kiko upande wa kupasha joto. Vile vya soketi moja hufanya kazi zote mbili, kupasha au kupoza, kulingana na ulivyovipanga, na ukikosea balbu itawaka pale joto linapozidi. Panga nyuzi 30, acha balbu iwake, halafu ifumbate sensa kiganjani. Baada ya muda mfupi balbu inapaswa kuzima. Isipozima, mpangilio wako umegeuka, na afadhali uligundue hilo wakati bruda ni tupu.

Sensa ikae wapi

Ining'inie sentimita 5 juu ya maranda, usawa wa mgongo wa kifaranga, kwenye ukingo wa duara la joto la balbu. Isikae katikati chini ya balbu wala ukutani. Chini ya balbu kabisa, mionzi huipiga sensa yenyewe na kuipasha kupita hewa iliyoizunguka. Itazima balbu mapema na vifaranga wa pembeni watabaki kwenye baridi. Ukutani inasoma hewa ambayo kifaranga hayupo.

Izungushie kikapu kidogo cha waya wa kuku, kipana kama glasi ya chai. Bila kikapu hutokea hivi: vifaranga wanaona baridi, wanakusanyika, baadhi wanaikumbatia sensa. Sensa inasoma joto la miili yao, inadhani bruda imepata moto, inakata balbu. Baridi inazidi, wanakusanyika zaidi, sensa inazidi kupata joto. Asubuhi unakuta rundo pembeni, wa chini wamekosa hewa, na kioo kinaonesha 34 bila aibu yoyote.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Sensa ikitumbukia kwenye chombo cha maji, au waya ukivutwa na mtu anayefagia ikaangukia nje ya kizuizi (ukuta wa duara unaowazunguka vifaranga), inasoma baridi muda wote na balbu haziachi kuwaka. Ndiyo sababu waya wa sensa unafungwa kwa kamba sehemu mbili, kwenye paa na kwenye kizuizi, na vyombo vya maji vinakaa mbali nayo nusu mita. Panya nao wanapenda waya huo mwembamba. Kwenye STC-1000 waya ukikatika kioo huandika EE, kengele inalia na soketi zote zinazima. Vifaranga watapoa, ila hawataungua.

Kifaa chenyewe kitundike ukutani nje ya duara, mita 1.5 kutoka chini, vumbi la maranda lisikifikie kirahisi.

Namba za kupanga

Washa bruda saa 24 kabla vifaranga hawajafika, maranda yakiwa na kina cha sentimita 5 hadi 8. Hewa hupata joto haraka, lakini sakafu ya saruji huchukua muda, na kifaranga anapoteza joto jingi kupitia miguu. Ukitaka kujua kama walikuja wakakuta pa baridi, baada ya saa 2 chukua wachache na uwaguse miguu shavuni kwako. Miguu ikiwa ya baridi, maranda hayajashika joto.

Anza na nyuzi 33. Tofauti ya kupasha iwe 1, yaani balbu ziwake kwenye 32 na kuzima kwenye 33. Usiweke chini ya 0.5, rilei itakuwa inagonga kila dakika na balbu zitakatika uzi mapema. Kisha shusha nyuzi 1 kila baada ya siku 2. Wiki ya pili inaanza karibu na 30, ya tatu 26 au 27, na kufikia siku ya 25 hivi uko karibu na 21 ambako wengi hawahitaji tena joto, isipokuwa usiku wa nyanda za juu. Shusha mchana, usishushe jioni.

Hata hivyo namba hizi ni za kuanzia. Vifaranga wakitawanyika sawasawa, wengine wakila, wengine wamelala wamejinyoosha, na sauti yao ni ya chini, joto ni sawa hata kama kioo kinasema vingine. Wakikimbilia kizuizini mbali na balbu, midomo wazi na mabawa yamelegea, ni moto. Wakirundikana chini ya balbu na kulia kwa sauti kali, ni baridi. Wakijazana upande mmoja tu, tafuta upepo unakoingilia kabla hujagusa themostati, kwa sababu kuongeza nyuzi hakuzibi ufa wa mlango.

Taa isizime pamoja na joto

Balbu nyekundu za joto hutoa mwanga pia. Themostati ikizizima usiku, bruda inakuwa giza ghafla na vifaranga wanashtuka na kurundikana. Weka balbu moja ndogo ya LED ya wati 5 kwenye soketi nyingine isiyopitia themostati. Njia nyingine nzuri, hasa sehemu za baridi, ni kuacha balbu moja ya joto kati ya nne ikiwaka muda wote na kuiachia themostati zile tatu zilizobaki. Kifaa kikifa usiku, angalau kuna sehemu moja ya kukimbilia. Joto la mchana likianza kuzidi, balbu hiyo ndiyo ya kwanza kuchomolewa kwa mkono.

Holda ziwe za kauri. Za plastiki zinayeyuka kwa wati 250. Balbu itundikwe kwa mnyororo sentimita 45 hadi 60 juu ya maranda, isining'inie kwa waya wake wa umeme. Maranda makavu chini ya balbu iliyoanguka ni moto wa banda zima.

Soketi ya kupoza

Kwa bruda ya chumba kilichofungwa, feni ndogo ya kuvuta hewa nje ndiyo inayochomekwa hapa. Ivute hewa moto ya juu, isiwapulizie vifaranga. Tofauti ya kupoza iwe 2: ukipanga 33, feni inawaka kwenye 35 na kuzima kwenye 33. Kwa STC-1000 tofauti ni moja kwa pande zote, hivyo ukiweka 1 feni itawaka kwenye 34.

Feni haishushi joto chini ya hewa ya nje. Nje kukiwa na nyuzi 34 kama pwani mwezi wa Februari, feni itazunguka mchana kutwa bila kufika 30. Hapo dawa ni kutanua duara, kufungua pazia za upande usio na upepo na kuongeza vyombo vya maji. Pia themostati hainusi amonia, gesi kali itokayo kwenye kinyesi. Ukiingia macho yakawasha, fungua hewa hata kama kioo kinaonesha joto sahihi kabisa, kisha ongeza joto kufidia.

Rilei kugandana, na umeme kukatika

Kwa rilei iliyogandana kinga ni themostati ya pili, ya bei ndogo, iliyotangulia ya kwanza: ukutani unachomeka ya pili iliyopangwa nyuzi 38, ndani yake unachomeka ile ya kazi, halafu balbu. Siku zote ya pili imeruhusu umeme. Ya kwanza ikigoma kuzima, ya pili inakata. Sensa zote mbili zikae kwenye kikapu kimoja.

Umeme ukikatika, au uniti za LUKU zikiisha saa tisa usiku, hakuna themostati itakayosaidia. Bandika salio la uniti mlangoni kila jioni. Weka tayari madumu ya lita 5 ya maji ya moto yaliyofungwa kwenye magunia, au jiko la mkaa lililowashwa nje likakolea hadi moshi uishe. Jiko hilo linahitaji tundu la hewa juu ya banda, kwani mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, na gesi hiyo haina harufu. Umeme ukirudi, angalia kama kifaa kimekumbuka nyuzi ulizopanga. Jaribu hilo mapema kwa kuchomoa na kuchomeka.

Kundi likitoka, chomoa kila kitu kabla ya kupuliza dawa ya kuua vijidudu. Kifaa kifutwe kwa kitambaa kikavu na sensa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kabla ya vifaranga wapya, rudia kipimo cha kikombe cha maji. Sensa iliyokaa kwenye amonia wiki 4 mara nyingi husoma tofauti na ilivyoanza.