Somo: Ule nini kabla ya mazoezi ya alfajiri, na kwa nini uji wa lishe usubiri

Swali la chakula cha kabla ya mazoezi limeulizwa hapa kwenye kundi letu kila wiki, na mara nyingine anayeuliza ni yule yule niliyemjibu mwezi uliopita. Ninaandika majibu yote mahali pamoja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Somo linawahusu wanaoanza mazoezi kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wawe wanakimbia hapa Mbeya kutoka Mwanjelwa kwenda Uyole, wanapanda mlima Loleza, wanapandisha kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini, au wananyanyua vyuma. Anayefanya mazoezi jioni ana muda wa kutosha wa kula mchana, kwa hiyo hili si lake.

Hatua ya kwanza: jua zoezi lako ni la muda gani. Likiwa la chini ya saa moja, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea, maji pekee yanamtosha mtu mzima mwenye afya aliyekula vizuri jioni. Likizidi saa moja, au likiwa la kasi na vilima, fuata hatua zote.

Hatua ya pili: kula vizuri jioni. Nguvu utakazotumia alfajiri huwekwa akiba usiku uliotangulia, na hakuna kifungua kinywa cha nusu saa kinachoweza kufidia usiku wa kulala na njaa. Kula wanga wa kutosha, yaani wali, ugali, viazi mviringo au ndizi za kupika, pamoja na mboga na kitoweo chako cha kawaida, na umalize kabla ya saa mbili usiku. Maharage mengi, kabichi na nyama yenye mafuta viache kwa siku ambayo kesho yake hukimbii, kwa sababu utaamka navyo tumboni.

Hatua ya tatu: andaa kila kitu usiku, ndizi mezani na maji ya moto kwenye chupa ya chai.

Hatua ya nne: kunywa maji mara unapoamka, glasi moja hadi mbili, yaani mililita 300 hadi 500. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai baridi yetu haihitaji maelezo. Katika baridi kiu haiji, ingawa maji unaendelea kuyapoteza kwa kupumua na kwa mkojo, kwa hiyo ukisubiri kiu utakimbia mkavu. Changanya na ya moto yawe vuguvugu. Ya bombani saa kumi na moja alfajiri hayanyweki.

Hatua ya tano: kula kidogo, chepesi, na cha wanga. Kadiri muda uliobaki unavyokuwa mfupi, ndivyo chakula kinavyopaswa kupungua. Ukiwa na saa moja kamili, lenga takribani gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya uzito wako. Ukiwa na nusu saa, lenga nusu ya hapo. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25, na ndizi kisukari, kwa kuwa ni ndogo, hesabu mbili badala ya moja. Kipande kimoja cha mkate kina kama gramu 15, na kijiko kikubwa cha asali kina kama 17. Kwa hiyo mtu wa kilo 60 mwenye nusu saa anahitaji ndizi moja tu, na mwenye saa nzima anaweza kuongeza kipande cha mkate chenye asali. Si zaidi.

Hatua hii ndiyo inayoharibiwa kuliko zote, na kinachoiharibu ni uji wa lishe. Watu husikia neno lishe wakadhani ndicho chakula cha mwanamichezo anayetoka nyumbani. Uji ule umechanganywa mahindi, ulezi, soya na karanga, kisha mtu anaongeza maziwa na siagi. Ni chakula kizuri kabisa, lakini mafuta na protini hulichelewesha tumbo kumwaga kilichomo, na mwili ukianza kukimbia hupunguza damu inayokwenda tumboni ili uipeleke kwenye misuli. Bakuli linabaki pale pale. Mwenzetu mmoja alimaliza bakuli zima saa kumi na moja, lenye karanga na kijiko cha siagi, na saa kumi na mbili tulikuwa tumeanza kupanda Loleza. Hakufika nusu ya njia. Alikaa juu ya jiwe ameshika ubavu, akitema mate, na kila alipojaribu kuinuka uji ulimpandia kooni. Tukampa mtu wa kumrudisha, nasi tukaendelea.

Ukitaka uji kabla ya mazoezi, pika wa ulezi au mahindi matupu, mwepesi, wenye sukari na chumvi kidogo, kikombe kimoja. Usiugugumie ukiwa wa moto. Maandazi, vitumbua na chapati vina mafuta, viache. Parachichi nalo liache, hata kama linatoka Rungwe kwenye mti wa babu yako. Maziwa na mtindi huwasumbua watu wazima wengi tumboni, na barabarani hakuna choo. Na chochote usichowahi kukila kabla ya kukimbia usikijaribu siku ya mashindano. Kijaribu siku ya kawaida, karibu na nyumbani.

Hatua ya sita: kahawa kwa aliyezoea, kikombe kimoja nusu saa hadi saa moja kabla. Kahawa ya Mbozi tunayo hapa hapa, hakuna haja ya kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Asiyeizoea asianze siku ya mbio, kwa kuwa huharakisha haja kubwa.

Hatua ya saba: ukirudi, kula sasa. Hapa ndipo uji wa lishe, mayai, maharage, magimbi na lile parachichi vinapoingia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kijana wa Soweto): Shikamoo mwalimu. Kwa kifupi tu, asubuhi nile nini?

Jibu: Marahaba. Hatua ya tano.

Swali (Dada wa Kihesa, Iringa): Kamwene mwalimu. Mimi hula ndizi mbili kama dakika arobaini na tano kabla ya kukimbia, ndivyo unavyoelekeza. Lakini dakika kumi za kwanza huwa nahisi kizunguzungu na mikono kutetemeka, halafu hali hiyo huisha yenyewe na nakimbia vizuri. Nikikimbia bila kula haitokei. Je, ndizi hazinifai?

Jibu: Kamwene dada, na asante kwa kueleza hali yako kwa makini. Ndizi hazina kosa, ila muda wako pengine ndio mbaya kwako. Ukila wanga, sukari ya damu hupanda na mwili hutoa insulini ili kuishusha, na kwa watu wengi insulini inakuwa juu kati ya nusu saa na saa moja baada ya kula. Wewe unaanza kukimbia wakati huo huo, na misuli inayofanya kazi nayo huvuta sukari kutoka kwenye damu. Vitu viwili vinavuta kwa pamoja, sukari inashuka ghafla, unatetemeka. Baada ya dakika chache ini linaongeza sukari na mambo yanatulia. Hali hii haimpati kila mtu. Jaribu kwanza kula ndizi moja dakika tano hadi kumi kabla ya kuondoka, kwa sababu mazoezi yakishaanza mwili hupunguza kutoa insulini. Ikikataa, amka mapema zaidi na ule saa mbili kabla. Pia usianze kwa kasi. Pasha mwili moto kwa dakika kumi, na katikati yake weka mikimbio mifupi mitatu au minne ya nguvu, ambayo huliamsha ini litoe sukari. Kama hali inakutokea hata siku usizokimbia, nenda ukapimwe sukari.

Swali (Dada wa Kihesa): Nimeelewa vizuri sana. Swali la mwisho: kama nimelala kwa muda wa saa nane bila kula, mbona miguu ina nguvu lakini kichwa ndicho kinachoyumba?

Jibu: Hilo ni swali ambalo nimelisubiri. Mwili unaweka akiba ya wanga sehemu mbili, kwenye ini na kwenye misuli, na akiba hiyo huitwa glaikojeni. Ini la mtu mzima hubeba kama gramu 100, na misuli yote kwa pamoja hubeba mara kadhaa ya hapo. Tofauti ni kwamba misuli haina kimeng'enya cha kuitoa sukari yake irudi kwenye damu, kwa hiyo kilichomo mguuni kinatumika mguuni tu. Ubongo, ambao hutumia kama gramu 120 za sukari kwa siku hata ukiwa umelala, hulishwa na ini. Alfajiri ini limepungukiwa sana wakati miguu haijatumia kitu. Ndiyo maana ndizi moja inatosha: inalisaidia ini, hailengi kujaza miguu.

Swali (Mwanachama mpya): Nataka kuondoa kitambi. Nimesikia nikikimbia bila kula mafuta yanayeyuka yote. Sasa wewe unatuambia tule?

Jibu: Sijamwambia kila mtu ale, soma hatua ya kwanza. Ukikimbia bila kula, ni kweli sehemu kubwa zaidi ya nishati utakayotumia wakati huo hutoka kwenye mafuta. Lakini kitambi kinapungua kwa hesabu ya wiki na miezi, kati ya unachokula na unachotumia, na anayekimbia na njaa kisha akala chapati nne na supu saa tatu hajapunguza kitu. Mwendo mfupi bila kula hauna neno. Vilima vya saa mbili bila kula vitakufanya utembee, na kutembea hakukuwa mpango wako.

Swali (Mbeba magunia, Mwanjelwa): Kaka, mimi naamka saa nane usiku kwenda sokoni kushusha viazi, namaliza saa kumi na moja na nusu, kisha napita kunyanyua vyuma saa kumi na mbili. Ndizi moja naiona kama mzaha.

Jibu: Kwako ni mzaha kweli, kaka, na somo langu halikukufikiria. Ukifika kwenye vyuma umeshafanya kazi ya saa tatu, kwa hiyo saa nane ndicho kifungua kinywa chako: viazi vya kuchemsha au kiporo cha wali kilichopashwa kikachemka, pamoja na yai au maharage kidogo, maana tumbo lina saa nne za kuvishughulikia. Saa kumi na moja na nusu kula ndizi mbili na unywe maji. Ongeza chumvi kidogo kwenye chakula kama unatoka jasho jingi. Na siku ya mzigo mkubwa usinyanyue vyuma kabisa. Magunia yameshakuwa mazoezi.

Swali (Shabiki wa vyuma): Mimi nakunywa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu kila asubuhi na sijadhurika. Mbona unakataza?

Jibu: Nimesema hakuna haja. Onyesha mahali nilipokataza.

Swali (Mama wa Forest): Nina kisukari, natumia dawa, na daktari kaniambia nitembee kwa kasi kila asubuhi. Nifuate somo hili?

Jibu: Mama, maji ya hatua ya nne yanakufaa, lakini suala la kula litegemee dawa yako. Insulini na vidonge kama glibenklamaidi vinaweza kushusha sukari mno ukiwa njiani. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Pima kabla ya kutoka. Ikisoma chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), kula kwanza gramu 15 za wanga, kwa mfano ndizi ndogo moja, na usubiri ipande. Ikizidi 14 na hujisikii vizuri, usitoke, nenda kituo cha afya. Beba pipi mfukoni, tembea na mtu, na uulize kliniki yako kama dozi ibadilishwe siku za mazoezi. Hilo la dozi mimi siwezi kulijibu.

Swali (Baba Neema, Tukuyu): Huo uji mwepesi una vipimo gani? Na je, naweza kuupika usiku nikauweka kwenye chupa ya chai?

Jibu: Vijiko vikubwa viwili vya unga wa ulezi kwa vikombe viwili vya maji. Koroga unga kwenye maji ya baridi kwanza usipate mabonge, upike dakika kumi hadi kumi na tano, kisha sukari vijiko vidogo viwili au vitatu na chumvi ya kushika kwa vidole. Ukiinua mwiko, uji utiririke. Chupa inaruhusiwa ikiwa ni nzima: isuuze kwa maji yanayochemka, mimina uji ungali unachemka, funga. Alfajiri ukikuta ni vuguvugu, umwage, kwa sababu uji uliokaa usiku kucha katika joto hilo ni mahali pazuri pa vijidudu.

Swali (Baba Neema): Ndaga fijo. Na magimbi? Huku kwetu ndiyo yaliyopo kuliko mkate.

Jibu: Vipande viwili vidogo vinafaa ukiwa na saa moja na nusu au zaidi, kwa kuwa yana nyuzinyuzi na hukaa tumboni kuliko mkate. Yachemshe jioni pamoja na chakula cha usiku, hadi uma upite bila kukwama, kwa sababu gimbi lililopikwa haraka alfajiri bila kuiva litakuwasha koo njia nzima hadi Kiwira.