Jinsi ya kuandaa somo la presha mtaani kwako, bila malipo

Mimi ni muuguzi mstaafu hapa Tanga, na kazi yangu siku hizi ni kufundisha afya mitaani, bila kiingilio. Kama wewe hukusomea afya, unaweza kuandaa vizuri kabisa. Mtafute muuguzi au tabibu afundishe, yaliyobaki ni yako.

Chagua mada moja. Presha, kisukari na lishe kwa saa moja, watu wataondoka na vichwa vizito tu. Mimi hushauri kuanza na presha, kwa sababu wengi walio nayo hawajisikii chochote, kwa hiyo hawana cha kuwapeleka zahanati.

Mwone mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kisha mganga mfawidhi wa zahanati ya karibu. Mkubaliane siku atakayowapokea watakaokutwa na presha ya juu. Kumwambia mama wa watu presha yake imepanda, halafu usimwonyeshe pa kwenda, ni kumtia hofu bure.

Usihangaike na ukumbi. Wafuate watu walipo: kikoba cha akina mama wakishamaliza hesabu, msikitini baada ya alasiri, kanisani baada ya ibada. Wanaume ni wagumu kuja kwenye mikutano ya afya, ila kijiwe cha bodaboda na baraza la kahawa hawakosi.

Somo lenyewe liwe fupi. Mimi huchukua kijiko cha chai, nakijaza chumvi, naipangusa juu kwa kidole, napunguza kidogo, namimina kwenye kisahani. Hizo ni kama gramu 5. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike hapo kwa siku nzima. Kisha namwomba mama mmoja atie kwenye kisahani cha pili chumvi anayotia kwenye sufuria yake ya maharage. Anatia kwa kiganja, kama nyumbani, na watu wanaanza kuhesabu wenyewe walaji wa sufuria ile. Hapo naongeza vidonge vya mchuzi, chumvi ya chipsi, na papa mkavu wetu wa pwani, ambaye aloweshwe na maji yamwagwe kabla hajapikwa.

Kupima kuna utaratibu, na foleni isikuharakishe. Mtu akae dakika 5 ametulia, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Mkanda wa mashine ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati, na asizungumze. Kahawa na sigara aache nusu saa kabla. Wazee wa barazani waambie mapema. Kipimo cha 140 kwa 90 (namba ya juu kwa ya chini) au zaidi kirudiwe siku nyingine kabla mtu hajaambiwa ana presha. Lakini aliyefika 180 kwa 120 huku kifua kinabana, pumzi inakata, haoni vizuri au upande mmoja umekufa ganzi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Majibu mwandikie mwenyewe kwenye karatasi, usiyatangaze.

Nusu ya muda wote iwe ya maswali. Gawa vikaratasi visivyo na majina, maana kuna baba hawezi kuuliza mbele za watu kama dawa za presha zinamaliza nguvu za kiume, na kumbe ndiyo sababu amezitupa. Ajibiwe kwa heshima: baadhi ya dawa zinaweza kuleta shida hiyo, presha isiyotibiwa nayo huileta, na daktari anaweza kumbadilishia. Swali lingine lisilokosekana ni hili: "Presha imeshuka, si niache dawa sasa?" Imeshuka kwa sababu unameza, baba. Usiache mpaka urudi kliniki.

Wauza virutubisho watakuja kuomba dakika mbili tatu za kuongea. Wakatalie, hata wakijitolea viti na maji ya kunywa. Watu wamekuja kwa sababu wamekuamini wewe.

Kabla hawajatawanyika, kila aliyefika 140 kwa 90 awe na karatasi yenye kipimo, tarehe na siku ya kwenda zahanati. Siku hiyo nami huenda, nakaa benchi la nje na kuangalia nani amefika. Asiyeonekana, jioni napita kwake.