Kuipata sauti ya saksofoni ya umeme ya Eddie Harris

Katika The Electrifying Eddie Harris, albamu ya jazi ya mpiga saksofoni huyo iliyorekodiwa 1967 kwa kampuni ya Atlantic, saksofoni yake ya tena (tenor) inasikika kama mbili: moja inapiga, nyingine inaifuata okteva moja chini, yaani noti ileile kwa sauti nzito zaidi. Huo ni Varitone wa kampuni ya Selmer, mtambo wa umeme wa mwaka 1965 unaoongeza okteva hiyo. Kuupata mzima leo ni shida, ila vifaa vya kawaida vinatosha.

1. Nunua shingo ya akiba (bomba lililopinda linaloshika kipulizio). Ya asili usiiguse.

2. Fundi wa tarumbeta atoboe shingo upande wa juu (mate hutuama chini), kisha alehemu kishikio cha maiki ya piezo (maiki ndogo inayogeuza mtetemo kuwa umeme). Kupima uvujaji, ziba ncha pana kwa kiganja, nyonya hewa ncha nyembamba. Ulimi unase sekunde chache. Ulimi ukiachia papo hapo, hewa inavuja na noti za chini hazitatoka.

3. Piezo iingie kwenye priampu (kikuza sauti cha awali) yenye ukinzani wa ingizo wa megaohm 1 au zaidi. Ukichomeka kwenye mixa moja kwa moja besi inakufa, unabaki na mlio wa debe.

4. Pedali ya okteva. Hapa ndipo siku nzima hupotea. Boss OC-2 inatosha: kitufe cha Oct 1 (okteva moja chini) nusu, cha Oct 2 (mbili chini) sifuri. Za kidijitali ni safi mno, hazina ile takataka tamu. Pedali hii husikia noti moja tu, na hutafuta msingi wake, yaani mtetemo wake wa chini kabisa. Kwa maiki iliyowekwa mbele ya mdomo mpana wa saksofoni, sauti inakotokea, noti za chini hufika na msingi dhaifu, tena ngoma zinaingia humo humo. Okteva inaanza kugugumia na kurukaruka. Ndani ya shingo msingi una nguvu, ndiyo maana ya kutoboa. Hata hivyo, ukinguruma kooni huku unapuliza, tayari ni noti mbili, itachanganyikiwa. Mwangwi nao ukae baada ya okteva. Ukitangulia, mkia wa noti iliyopita unaikuta mpya na pedali haijui ishike ipi. Bado inaruka? Punguza priampu kwanza, usiongeze.

5. Amplifaya iwe ya gitaa la besi. Noti ya chini kabisa ya saksofoni ya tena ni kama Hz 104 (mitetemo 104 kwa sekunde), okteva yake Hz 52, na spika ya gitaa la solo haifiki huko.

6. Vifuniko vya matundu ya saksofoni vikijifunga utasikia "bup" ya okteva hata hupulizi. Weka pedali ya volyumu kati ya priampu na okteva, uifunge unapopumzika.