Kozi ya Miezi Sita au Chuo cha Miaka Miwili: Jinsi ya Kuchagua Mafunzo ya Paramediki Nchini Marekani

Vijana wengi wanaozungumza Kiswahili waliohamia Marekani, wawe wametoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, huanza kazi za afya kwa kutunza wazee na wagonjwa, kisha baadhi yao husomea huduma ya dharura ya ngazi ya EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ngazi ya msingi, na kuajiriwa kwenye magari ya wagonjwa. Baada ya muda hutamani kupanda hadi ngazi ya paramediki, ambaye ana ruhusa ya kutoa dawa nyingi zaidi, kusoma kipimo cha umeme wa moyo na kuingiza mrija wa hewa kwenye koo la mgonjwa asiyepumua. Hapo ndipo wanapokutana na njia mbili: kozi ya haraka inayoahidi kumalizika kwa miezi kama sita, na programu ya chuo cha jamii (chuo cha umma kinachohudumia wakazi wa eneo lake) inayochukua mwaka mmoja hadi miwili. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzipima njia hizo kabla ya kulipa ada.

Anza kwa kuhesabu saa, wala si miezi. Mafunzo ya EMT huchukua takriban saa 150 hadi 190, na mafunzo ya paramediki yanayofuata huwa kati ya saa 1,200 na 1,800, ukijumlisha darasa, maabara, hospitali na gari la wagonjwa. Kozi ya haraka haiondoi saa hizo, inazibana tu. Saa 1,200 zikipangwa katika wiki 26 zinakuwa saa 46 kwa wiki kabla hujafungua kitabu nyumbani, ilhali saa hizo hizo zikisambazwa katika miezi kumi na minane zinakuwa kama 15 kwa wiki. Weka namba hizo kando ya ratiba yako halisi, pamoja na zamu za kazi, watoto, safari za basi na usingizi, ndipo utajua kama unazungumzia mpango au matumaini.

Hatua inayofuata haina mjadala: hakikisha programu ina ithibati. Tangu tarehe 1 Januari 2013, Usajili wa Taifa wa wahudumu wa dharura, unaojulikana kwa herufi NREMT, humruhusu mtahiniwa wa paramediki kufanya mtihani ikiwa tu amehitimu katika programu yenye ithibati ya CAAHEP, tume inayothibitisha ubora wa programu za mafunzo ya afya, au yenye barua rasmi inayoonyesha kwamba imo katika mchakato wa kuipata. Orodha ya programu hizo iko wazi mtandaoni, nawe uitafute mwenyewe badala ya kuridhika na maneno ya afisa wa udahili.

Programu zenye ithibati hutakiwa pia kutangaza hadharani matokeo yao ya kila mwaka: asilimia ya wanafunzi waliomaliza, waliofaulu mtihani na waliopata kazi. Kiwango cha chini kinachokubalika ni asilimia 70 kwa kila kipengele. Zisome namba hizi kwa pamoja, kwa maana kila moja ikisimama peke yake hupotosha. Chukulia wanafunzi 40 walianza, 28 wakamaliza, na 25 kati ya hao wakafaulu mtihani. Shule hiyo inaweza kutangaza kwa haki kabisa kwamba asilimia 89 ya wahitimu wake wamefaulu, lakini kati ya watu 40 waliolipa ada, ni 25 tu waliokipata walichokifuata, yaani chini ya theluthi mbili. Katika kozi za haraka, anayeugua wiki moja au kufiwa na mzazi huko nyumbani hukosa sehemu kubwa ya somo, na mara nyingi hana budi kungoja kundi lijalo. Uliza ni wangapi waliondoka katikati ya kozi na kwa sababu gani.

Suala la mafunzo kwa vitendo ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, na ndilo ambalo waombaji huliuliza kwa uchache. Paramediki hujengwa pale anaposimama mbele ya mgonjwa huku msimamizi akiwa nyuma yake, akitakiwa kuongoza yeye: kuuliza, kupima, kuamua, kuagiza, kisha kutoa taarifa kwa daktari wa zamu. Kwa hiyo uliza ni hospitali zipi zina mkataba na shule, ni huduma zipi za magari ya wagonjwa zinazopokea wanafunzi, na kwa wastani mwanafunzi husubiri muda gani baada ya darasa kabla ya kupangiwa msimamizi. Kozi inayojiita ya miezi sita inaweza kufika mwezi wa kumi ikiwa nafasi za vitendo ni chache. Kuna pia kozi zinazofundishwa kwa mtandao, ambapo mwanafunzi husafiri kwa vipindi vifupi vya maabara kisha akafanya vitendo katika jimbo lake mwenyewe. Aliyeko Iowa akisoma kwenye shule ya Texas ajue mapema, tena kwa maandishi, ni nani mwenye wajibu wa kumtafutia kituo. Programu ndefu nayo haina usalama wa moja kwa moja. Chuo cha eneo lenye watu wachache kinaweza kukupa zamu nyingi za kukaa kituoni bila simu kulia, na utahitimu ukiwa umewaona wagonjwa wachache wa moyo na watoto wachache zaidi.

Historia yenyewe inaonyesha kwamba muda mfupi si aibu. Mwaka 1967, mjini Pittsburgh, huduma ya Freedom House iliwachukua wakazi Weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana kazi, ikawapa mafunzo ya takriban saa 300 chini ya daktari Peter Safar, na wakawa miongoni mwa maparamediki wa kwanza wa Marekani. Walifaulu kwa sababu mafunzo yao yaliwekwa karibu sana na wagonjwa, na baadaye daktari Nancy Caroline alipanda nao kwenye magari akiwafundisha palepale kazini. Ukipata kozi ya haraka yenye usimamizi wa namna hiyo, usiidharau kwa ajili ya ufupi wake.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo akili huhitaji muda ili yatulie, na dawa ni mojawapo. Fikiria mtoto wa kilo 18 aliyekula karanga, midomo imevimba na kifua kinapiga filimbi. Kipimo cha epinefrini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ya kuchoma kwenye msuli wa paja ni miligramu 0.01 kwa kila kilo, kwa hiyo anahitaji miligramu 0.18, na kwa kuwa kichupa kina miligramu 1 katika mililita 1, utavuta mililita 0.18 kwenye sindano ndogo. Mezani hesabu hiyo ni ya dakika moja. Saa tisa usiku, mama akilia na gari likiyumba, tofauti ya nukta moja ya desimali humpa mtoto dawa mara kumi ya anayostahili. Mwanafunzi wa programu ndefu hukutana na hesabu hii katika muhula wa kwanza, akairudia maabara, akaiona hospitalini na kuirudia tena kabla ya mtihani. Wa kozi ya haraka anaweza kumaliza somo zima la dawa katika wiki chache, kisha akawa tayari kwenye somo la moyo.

Kwa wengi wetu Kiingereza ni lugha ya tatu au ya nne, na Kiingereza cha hospitali ni lugha nyingine tena. Jipime kwa uaminifu: chukua sura moja ya kitabu cha anatomia na fiziolojia, isome jioni moja, kisha asubuhi mweleze mtu kwa maneno yako namna damu inavyopita moyoni na kwenye mapafu. Ikiwa ulilazimika kutafuta neno katika kila mstari, kozi ya haraka itakuchosha bila kukufundisha, na ni heri usome kwanza anatomia kwa muhula mmoja chuoni. Kwa maoni yangu, kozi ya haraka inamfaa mtu aliyefanya kazi ya EMT kwa mwaka mmoja au zaidi kwenye huduma yenye simu nyingi, ambaye tayari amezoea kuzungumza na wagonjwa, kupima shinikizo la damu ndani ya gari linalokwenda na kutoa taarifa kwa redio. Aliyetoka kwenye kozi ya EMT wiki iliyopita, hata awe na akili nyingi kiasi gani, namshauri achukue njia ndefu.

Kuhusu fedha, ada si gharama yote. Katika kozi ya haraka jumlisha mishahara ambayo hutaipata kwa miezi ile ambayo hutaweza kufanya kazi, kodi ya nyumba, bima ya afya, na pesa unazotuma nyumbani, kwa sababu ndugu wanaokutegemea hawataacha kupiga simu kwa kuwa uko darasani. Kwa upande wa chuo cha jamii, jaza fomu ya FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Msaada wa serikali kuu uitwao Pell, ambao kwa mwaka wa masomo 2025–26 unafikia dola 7,395 kwa mwenye kipato cha chini, haurudishwi, na wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye kadi ya kijani wanaweza kuuomba. Msaada huo hutolewa tu katika taasisi zilizoidhinishwa na mfumo wa misaada ya serikali kuu, na akademia nyingi binafsi hazimo. Wapo pia waajiri, hasa idara za zimamoto na kampuni za magari ya wagonjwa, wanaomlipia mfanyakazi masomo kwa sharti la kuwatumikia kwa muda fulani. Soma kwenye mkataba ni miaka mingapi na utadaiwa kiasi gani ukiondoka mapema.

Angalia pia miaka kumi ijayo. Ukitaka kuhamia uuguzi au ualimu wa fani hii, masomo yenye krediti za chuo, yaani yanayohesabiwa kuelekea shahada, yatakuokolea muda, ilhali cheti cha akademia kinaweza kukataliwa na chuo utakachokiomba baadaye. Texas, kwa mfano, ina daraja la paramediki mwenye leseni linalohitaji shahada, tofauti na paramediki mwenye cheti pekee. Nje ya Marekani mlango ni mwembamba zaidi: nchini Uingereza kiwango cha kuingilia kazi hii kwa wanaosomea huko sasa ni shahada ya kwanza, na Australia hali ni hiyo hiyo.

Tangu Julai 2024, NREMT imeacha kuendesha mtihani wa vitendo wa paramediki, na umebaki mtihani wa kompyuta. Maana yake ni kwamba anayethibitisha kuwa mikono yako inaweza kazi ni shule yako pamoja na daktari mkurugenzi wa programu. Shule legevu itakupitisha, na upungufu wako utaonekana kwa mgonjwa. Mtihani wa kompyuta una nafasi tatu. Ukishindwa zote unatakiwa kupata mafunzo ya ziada kabla ya kupewa tatu nyingine, na yote hayo ndani ya miaka miwili baada ya kumaliza kozi.

Kabla ya kutia sahihi, omba kukaa darasani siku moja, zungumza na wahitimu wawili au watatu wa mwaka uliopita, na uende kwenye kituo cha magari ya wagonjwa cha eneo lako ukawaulize wasimamizi ni wahitimu wa shule ipi wanaowapokea kwa imani. Mwisho, soma kifungu cha kurudishiwa ada: ukiacha kozi wiki ya tatu kwa sababu ya ugonjwa au msiba, ni kiasi gani kinarudi mkononi mwako, na je, nafasi yako itahifadhiwa kwa kundi linalofuata?