SOMO: Unga wa kufinyanga wa watoto, unapika mwenyewe jikoni (soma mpaka mwisho ndo uulize)

Wadau habari za muda huu. Naandika hapa mara moja ili mtu akiniuliza tena nimwelekeze huku, maana haipiti wiki bila mzazi au mwalimu mwenzangu kunipigia "ticha ule unga wa rangi wanaochezea watoto darasani kwako unatengenezaje", namwelezea vizuri, kesho anarudi ananiambia wake unanata mikononi au umeshaanza kunuka. Ukimuuliza aliupika? Hapana, alikanda tu mbichi na maji ya bomba. Sasa hapo ndo penyewe, unga huu UNAPIKWA. Ukitoka na neno hilo moja tu humu nitashukuru.

Nafundisha chekechea hapa Tanga na huu unga ndo naanza nao kila muhula kabla sijagawa penseli. Mtoto wa miaka minne vidole vyake bado laini, ukimlazimisha kuandika "a" anachoka mapema na anaichukia shule. Mpe donge la unga abinye, aviringishe nyoka, akate vidonge vidogo kwa kidole gumba na cha shahada, baada ya wiki chache penseli anaishika mwenyewe bila kugombezwa. Plastisini za dukani zipo ila bei yake kwa darasa zima hapana, na nyingine ngumu mpaka mtu mzima uzipashe mkononi kwanza.

VITU
Unga wa ngano mweupe vikombe 2. Chumvi laini robo tatu ya kikombe. Maji vikombe 2. Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula. Maji ya ndimu vijiko 3 vya chakula (kamua, chuja, mbegu zisiingie). Rangi ya chakula, ile ile ya keki. Kikombe ni chochote ulichonacho cha chai, ila tumia hicho hicho kupimia vyote.

Ukisoma maelekezo ya Wazungu utaona wanaweka krimu ya tata, unga mweupe fulani wenye uchachu. Ukiipata kwenye maduka ya vifaa vya keki weka vijiko 4 vya chai, ndimu usiweke tena. Kazi ni ile ile, uchachu unafanya unga uwe laini na uvutike. Mimi ndimu inanitosha kabisa.

HATUA

1. Chekecha unga.

2. Changanya unga na chumvi vikiwa vikavu. Kama una chumvi ya mawe iyeyushe kwanza kwenye yale maji yakiwa ya moto, uache yapoe, la sivyo watoto watakuwa wanafinyanga kokoto.

3. Mimina maji, mafuta, ndimu na rangi, koroga mpaka madonge yaishe kabisa. Uzito uwe wa chapati za maji. Fanya haya yote sufuria ikiwa CHINI, bado haijagusa moto, maana madonge yakishapikwa hayatoki tena.

4. Kupika. Hapa tulia usome taratibu maana wote wanaolalamika wanaharibia hapa, na mimi mwanzo nilikuwa naharibia hapa hapa. Moto uwe mdogo, kama ni mkaa punguza makaa yabaki machache, kama ni gesi shusha mpaka chini. Tumia mwiko wa mbao na usiondoke, usiende kufungua geti, simu ikiita acha iite. Dakika ya kwanza hutaona kitu, unakoroga uji tu, halafu ghafla chini kunaanza kushika, unatokea utando mzito, ukiukwangua unakuja na mapande mapande na sufuria nzima inaonekana imeharibika. HAIJAHARIBIKA. Watu wengi wakiona hivyo wanaepua, wengine wanaongeza maji, wengine wanaongeza unga, na wote watatu wamekosea. Endelea kusonga, sasa ni kusonga kweli kama unavyosonga ugali, unakandamiza pembeni unageuza, na utaona mapande yanaungana, unga unaanza kuachia sufuria na kufuata mwiko, na ule mng'ao wa majimaji juu unafifia. Bado usiepue. Chukua kipande kidogo kama punje ya hindi, kipoe, kibinye kwa vidole viwili. Kikibaki kwenye ngozi, rudisha songa tena. Kikiachia safi, epua.

Sababu ni hii, unga wa ngano una wanga, na wanga hauyanywi maji sawasawa mpaka upate joto, kuanzia kama nyuzi 60 hivi ndo unavimba na kuyashika. Ukiepua mapema yale maji yapo tu huru ndani, ndo hayo yanayokunata mikononi. Kwa hiyo unga ukinata tatizo ni MOTO, sio kwamba unga ulikuwa mchache. Ukitibu kwa kunyunyizia unga mkavu utapata kitu kinachomomonyoka, na ule unga mbichi ulioongeza ndo unaoleta ukungu.

Onyo: likitoka jikoni donge linaonekana limepoa juu lakini ndani ni moto mkali, linaunguza na linang'ang'ania kwenye ngozi. Watoto wakae mbali.

5. Likipoa kiasi cha kuvumilika, paka mafuta kidogo mikononi ukande mpaka liwe laini. Ukitaka rangi nyingi, pika donge jeupe moja ugawe, kila kipande ukikandie rangi yake.

6. Acha lipoe KABISA ndo ufunge kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Ukifunga likiwa na uvuguvugu mvuke unarudi kama matone na juu kunakuwa na utelezi.

Huo unakaa wiki kadhaa ukifungwa vizuri. Ukiona kinyweleo cha ukungu au harufu imebadilika, tupa wote, usikate sehemu.

Muhimu kuliko yote: huu sio wa kula. Chumvi ni nyingi mno. Mtoto ambaye bado kila kitu anapeleka mdomoni asiachwe nao peke yake, kaa naye. Na mabaki usitupe uani ovyo, mbwa akila donge zima chumvi inaweza kumuua, na kuku nao chumvi hawaiwezi.

Karibuni maswali.

---

Mama Mapacha: Asante ticha. Mie wangu unanata nifanyeje?

Mleta somo: Hatua ya 4.

Mama Mapacha: Nimesoma ila nilishaepua tangu jana na umepoa, ndo nauliza.

Mleta somo: Aah sawa dada, hapo nimekuelewa. Rudisha kwenye sufuria, moto mdogo, usonge tena, haijalishi umelala. Utaona unalegea kwanza kisha unakaza. Fanya kile kipimo cha vidole. Ukikataa kabisa basi ulizidisha maji, endelea tu kuusonga maji yapungue.

Kijana wa Kirumba: Mkuu hakuna shortkati? Mi sina muda wa kusimama jikoni.

Mleta somo: Ni kama dakika tano. Huna dakika tano?

Kijana wa Kirumba: Sina jiko bro, niko geto, nina birika la umeme tu, mtoto wa dada anakuja wikendi.

Mleta somo: Ungesema hivyo toka mwanzo, na mimi ni dada sio bro. Inawezekana. Changanya vikavu na mafuta, ndimu na rangi kwenye beseni, halafu mimina maji yaliyochemka kikombe kimoja na nusu, yawe yanatokota saa hiyo hiyo sio ya dakika kumi zilizopita, koroga haraka kwa mwiko, funika dakika kadhaa kisha kanda. Hauwi imara kama wa kupika na haudumu sana, ila kwa wikendi unatosha.

Bint Makorora: Naweza kutumia rangi ya batiki? Ninazo nyingi.

Mleta somo: HAPANA. Za nguo ni za nguo. Hizi zinakaa kwenye mikono ya mtoto na mikono inaenda mdomoni.

Bint Makorora: Kidogo tu kwa ajili ya ule wekundu?

Mleta somo: Hapana dada. Wekundu chukua choya, chemsha maua makavu, maji yake ndo utumie badala ya maji ya kawaida. Na kwa kuwa kuna ndimu wekundu unakaa vizuri, choya kwenye uchachu ni nyekundu, ukiitia magadi inageuka kuelekea bluu au kijani. Njano tumia manjano ya jikoni nusu kijiko cha chai, ila inashika kwenye nguo, wavalishe fulana za zamani.

Bint Makorora: Eti choya inageuka?? Kwa hiyo nikigawa donge mara mbili, moja ndimu moja magadi, napata rangi mbili kwa maua yale yale?

Mleta somo: Umenifurahisha. Ndio, ila donge la magadi usiweke ndimu kabisa, na magadi yawe nusu kijiko cha chai tu. Rangi yake haitakuwa kali, inakuwa ya kufifia. Wafanyie watoto mbele yao, chukua maji ya choya kwenye glasi mbili uwatilie huku ndimu huku magadi, usiwaambie kitakachotokea. Darasani kwangu hilo somo wanaliomba tena na tena.

Fundi Mkude: Unga wa sembe si bei rahisi zaidi? Kwa nini ngano.

Mleta somo: Sembe haivutiki. Ngano ina ile nguvu inayofanya chapati ivutike bila kukatika, mahindi hayana. Utapata ugali wa rangi, ukikauka unapasuka.

Mama Ilham: Mwanangu ngano inamletea vipele hata akishika tu. Na yeye anataka kucheza na wenzie.

Mleta somo: Pole mama. Usimpe wa ngano hata kidogo, na usimweke karibu na wenzie wanaocheza na wa ngano. Mtengenezee hivi: unga wa mchele nusu kikombe, konfulawa nusu kikombe, chumvi nusu kikombe, maji kikombe kimoja, ndimu kijiko kimoja na nusu cha chakula, mafuta kijiko kimoja cha chai. Pika vile vile moto mdogo, huu unakaza haraka zaidi kwa hiyo usilale. Angalia pakiti zisiwe zimeandikwa zina ngano ndani. Na bora zaidi, siku hiyo pikia watoto WOTE huo wa mchele, asijione wa pembeni.

Mama Ilham: Mungu akubariki ticha, hilo la mwisho sikuliwaza.

Dogo Janja wa Pangani: Nimetumia unga wa kujiumua wenyewe umetoa mapovu ukajaa sufuria, maelekezo yako mabovu.

Mleta somo: Nimeandika unga wa ngano mweupe, wa kawaida. Huo wako una beking pauda ndani, ikikutana na ndimu lazima ifure. Nunua wa kawaida urudie.

Mama Mapacha: Nimerudi, umekubali kabisa!! Ila ticha kuna vidoa vyeupe juu ya ule niliobakiza nje, ni ukungu?

Mleta somo: Hongera. Pitisha kucha. Vikiwa vigumu vinametameta ni chumvi, maji yamekauka yenyewe imebaki juu, lowesha mkono ukande vinapotea. Vikiwa laini kama pamba, au vya kijani au vyeusi, ni ukungu, tupa. Na kinyume chake pia kipo, nyie wa pwani msimu wa masika mtaona unga unatoa jasho hata kama uliiva vizuri. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, hewa ikizidi asilimia 75 ya unyevu inaanza kuyeyuka yenyewe, ndo maana hata kwenye kikopo cha mezani inashikana. Wakati huo punguza chumvi iwe nusu kikombe na usiache kopo wazi.

Baba Tausi: Swali la haraka, binti yangu amemeza kipande kama gololi, ana miaka mitatu. Yuko sawa anacheza.

Mleta somo: Mpe maji ya kunywa, usimtapishe. Kipande hicho kimoja kwa kawaida ni kiu tu. Ila mwangalie, akianza kutapika, kiu isiyoisha, kulegea au usingizi usio wa kawaida, au ukigundua alikula zaidi ya hapo, nenda hospitali usisubiri jibu la mtu humu. Nijulishe.

Baba Tausi: Yuko vizuri, amekunywa maji, amekula, anasumbua kama kawaida. Asante sana.

Mleta somo: Alhamdulillahi.

Mwanafunzi wa Korogwe: Ticha samahani, nasomea ualimu wa awali. Huu unga nani aliuanzisha?

Mleta somo: Swali zuri. Wa kukanda na chumvi ni wa zamani. Ule maarufu wa kwenye makopo, Play-Doh, ulianza kama dawa ya kusafishia ukuta kule Cincinnati, Marekani, miaka ya 1930. Watu walipasha nyumba joto kwa makaa ya mawe, masizi yakachafua karatasi za ukutani, basi kampuni ya Kutol ikauza bonge la kuyapangusia. Baadaye makaa yakaachwa, biashara ikadorora, ndo mwalimu wa watoto wadogo Kay Zufall, shemeji yake Joe McVicker wa kampuni hiyo, akawapa wanafunzi wake wacheze nalo na akawashawishi waliuze kwa watoto. Mwaka 1956 likaingia sokoni kama mchezo. Aliyeona ni mwalimu, liandike hilo kwenye daftari lako.

Mwanafunzi wa Korogwe: Nimeliandika. Na kama shule haina hela ya unga kabisa?

Mleta somo: Udongo wa mfinyanzi. Sisi wengine tumefinyanga ng'ombe na masufuria kwa udongo wa bondeni kabla hatujaona plastisini. Chimba chini kidogo sio juu, toa mawe na mizizi, loweka usiku kucha, chuja kwenye gunia, acha ukauke mpaka ushike umbo. Epuka karibu na choo, jalala, na mtaro. Uhifadhi kwenye kitambaa kibichi. Vifaa vya kuchezea ni vile vile, visoda vya kukatia duara, chupa ya soda ya kusukumia, uma wa kuchorea mistari, majani ya mpera ya kubandika ile mishipa yake ionekane.

Fundi Mkude: Mi nakata vipande vya bomba la plastiki, nasugua kingo na msasa, wanakatia duara za saizi tofauti. Nina mabaki kibao ya inchi moja na inchi mbili.

Mleta somo: Fundi hayo mabaki usitupe, nitumie namba kwa meseji. Msasa hakikisha ni ule laini, kingo zisikwangue.

Kijana wa Kirumba: Dada nimefanya wa birika, umetoka. Naweza kuuweka friji?

Mleta somo: Unaweza, kwenye kopo lililofungwa. Utatoka mgumu, ukande kidogo kabla ya kumpa.