Landrover 109 ya petroli inakunywa mafuta na haikai sailensa (haitulii ikiwa hujakanyaga mafuta): pitia hapa kabla hujang'oa engine

Wakuu, juzi kati mzee mmoja wa Tabata kaniletea 109 yake Series III, keshaambiwa engine imekufa atafute ya Toyota aweke. Nimeipima, engine nzima kabisa, shida ilikuwa kwenye kabureta tu, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nimeona niandike maana hapa Dar hizi gari zinang'olewa engine kila siku bila sababu na inaniuma sana.

Kwanza mjue mnashika nini. Ni silinda 4, cc 2286, kipenyo cha silinda mm 90.47 na pistoni inatembea mm 88.9. Bloku chuma, hedi chuma, kemu inaendeshwa na cheni na valvu zinasukumwa na fimbo. Ilitoka 1958 na Series II, na kuanzia 1980 krenki ikawekewa bearing kubwa 5 badala ya 3. Farasi zake si nyingi, lakini nguvu yake ya kuvuta inafika juu kabisa kwenye mizunguko ya chini tu, ndo maana inapanda mlima taratibu bila kulalamika ila ukitaka kushindana na Harrier barabara ya Bagamoyo unaionea. Ukiitunza inadumu mno.

Hatua ya 1: kompresheni (mgandamizo wa silinda) na presha ya oili

Engine ikiwa ya moto toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho wewe piga stata, geji ya kompresheni ikiwa kwenye tundu la plagi, silinda moja moja. Usihangaike sana na namba yenyewe, angalia silinda zote nne zinakaribiana. Alafu presha ya oili, engine ikiwa ya moto kwenye mizunguko 2000 kwa dakika iwe kati ya psi 35 na 65. Nyingi zina taa tu ya oili, azima geji ufunge kwa muda, taa haitoshi kwa kazi hii. Vyote viwili vikiwa sawa achana na habari za Toyota.

Hatua ya 2: petroli na hewa

Fungua kile kikombe cha kioo kwenye pampu ya mafuta umwage uchafu, safisha bakuli la oili la ea klina uweke oili mpya. Basi.

Hatua ya 3: moto (umeme wa plagi)

Pointi (zile zinazokata na kuunganisha umeme ndani ya distributa) gepu mm 0.35 mpaka 0.40, plagi mm 0.75 mpaka 0.80, mpangilio wa moto 1-3-4-2. Pointi zikiwa na kidonda badilisha, usizipige msasa ukazirudisha. Kondensa na rota msinunue zile za bei ya kutupwa, zinakufa zikipata joto, gari inazima kwenye foleni ya Mandela jua la saa nane ukiacha ipoe inawaka, unabaki unalaumu pampu. Ukipata kondensa ya zamani original hata iliyotumika mi naichukua hiyo. Na kama gari inalala Kigamboni au karibu na bahari safisha waya wa ethi unaotoka kwenye engine kwenda chesesi, chumvi inakula pale kimyakimya.

Moto lazima uwe sawa kabla ya kugusa kabureta. Ukianza na kabureta wakati pointi mbovu utazunguka wiki nzima.

Hatua ya 4: tapeti (nafasi za valvu)

Zote inchi 0.010, yaani mm 0.25, za kuingiza na za kutoa ni sawa, mi naseti engine ikiwa ya moto. Hesabu ni ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka mpaka mwisho unaseti ya 1, ya 6 ikifunguka unaseti ya 3, ya 4 unaseti ya 5, hivyo hivyo, jumla iwe tisa tu.

Hatua ya 5: kabureta, hapa ndo penyewe

Hapa naongelea Zenith 36 IV, ile iliyokuja na gari. Dalili ziko hivi: moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi nyeusi kavu kama masizi, sailensa inapanda inashuka, na kubwa kuliko zote ile skrubu ya mikscha ukiizungusha ndani au nje engine haishtuki. Hiyo ya mwisho ndo inakuambia ukweli, kama skrubu haina kazi maana yake petroli inapita njia nyingine isiyotakiwa. Toa ile bomba ya hewa ya juu, engine ikiwa sailensa chungulia ndani kwa tochi, ukiona petroli inadondoka kwenye koo la kabureta wakati hujakanyaga mafuta, umeshapata jibu.

Sababu ni hii. Chini ya mfuniko wa juu kumefungwa kipande chenye jeti zote na boya, na kati ya hicho kipande na mfuniko kuna o-ringi ndogo. Mfuniko unapinda kwa joto na kwa mafundi wanaokaza skrubu kwa hasira, na o-ringi inakuwa ngumu inapasuka, basi petroli inavutwa moja kwa moja bila kupimwa na jeti. Wengi wakifika hapa wananunua jeti mpya, wanabadilisha boya, wanaseti upya, haikubali, siku inaisha, kumbe hakuna jeti itakayotibu mfuniko uliopinda.

Dawa: toa mfuniko, tenganisha kile kipande, piga picha za simu kila unapofungua. Chukua kioo cha dirisha kilichonyooka, juu yake weka msasa wa maji ulio laini kabisa, mwagia maji kidogo, sugua uso wa mfuniko kwa kuzungusha mduara bila kukandamiza. Utaona sehemu zinazong'aa na sehemu bado nyeusi, endelea mpaka uso wote uwe rangi moja. Fanya hivyo hivyo kwenye kile kipande, ila toa boya na jeti kwanza. Usitumie tupa! Usitumie grenda! Madini yale ni laini, ukila sana hurudishi. Ukimaliza osha kwa petroli, pulizia kompresa kila tundu maana unga wa msasa ukibaki ndani umejitengenezea tatizo jipya.

O-ringi iwe mpya na iwe ya kuvumilia petroli, ukichukua ya bomba la maji inavimba. Gasketi ya karatasi mpya pia. Na naomba sana, silikoni isiguse kabureta, petroli inailainisha inakatika vipande vinaenda kuziba jeti. Skrubu kaza kidogo kidogo kwa kupishana, ukisikia imekaa acha.

Ukiwa umeifungua tikisa na shafti ya valvu ya mafuta, ikicheza sana hewa inaingia pembeni, ipeleke kwa mchonga vyuma mzuri pale Gerezani aweke bushi.

Kuna watakaokwambia tupa Zenith weka Weber 34 ICH. Inafunga vizuri na inapunguza ulaji, lakini nguvu inapungua na we una gari la tani. Mi nabaki na Zenith iliyonyooshwa, na zile kopi mpya za bei rahisi sizifungi kwenye gari ya mteja.

Hatua ya 6: sailensa

Engine ya moto, zungusha skrubu ya mikscha ndani mpaka ianze kusita, rudisha nje mpaka itulie, shusha sailensa kwa skrubu nyingine, rudia kidogo. Safari hii utaona skrubu inaitikia. Tembelea siku chache alafu chomoa plagi uangalie rangi: kahawia ya udongo ni sawa, zikiwa bado nyeusi angalia nido ya boya (sindano inayozuia petroli kuingia) kama inafunga na choki kama inarudi mpaka mwisho.