Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua matairi ya 4x4 hapa Goma

Kwenye marundo ya matairi yanayotoka Ulaya kuna mengi ya majira ya baridi. Utayatambua kwa meno yaliyochanwa mistari myembamba kama ya wembe, herufi M+S (tope na theluji) ubavuni, na kwa baadhi yake mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji. Bei inashawishi na meno bado yanaonekana marefu. Kabla hujatoa pesa, pitia haya.

Anza na gari lenyewe. Fungua mlango wa dereva utazame kibati kwenye nguzo: hapo kiwanda kimeandika vipimo vinavyokubalika na kiasi cha upepo. Usinakili namba kutoka kwenye tairi lililofungwa sasa, maana huenda aliyekuuzia aliweka lolote alilolipata. Kisha jifunze kusoma namba. Kwenye 225/65R17, upana ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na janti, ile duara ya chuma inayobeba tairi, ni inchi 17. Kimo cha tairi zima: 225 mara 0.65, zidisha kwa 2, jumlisha 17 mara 25.4. Ni milimita 724 hivi. Fanya hesabu hiyo kwenye simu palepale mbele ya muuzaji. Mwenye Land Cruiser Hardtop ya 7.50R16 akumbuke kuwa 7.50 ni inchi za upana. Hesabu ile haimhusu.

Ukiwa na ruhusa ya vipimo zaidi ya kimoja, chagua janti ndogo na ubavu mrefu. Toyota RAV4 ya kizazi cha 3 ilitoka kiwandani na 215/70R16, 225/65R17 au 235/55R18, kutegemea toleo. Kwa kimo hazipishani sana, lakini ubavu wa 215/70R16 una milimita 150 na wa 235/55R18 una 129. Sentimita 2 hizo ndizo zinazokuokoa kwenye mitaa yetu yenye mawe ya lava. Jiwe la volkano ya Nyiragongo lina makali. Likibana ubavu mfupi dhidi ya janti, nyuzi za ndani zinakatika, na siku chache baadaye unaona uvimbe. Kwado, fundi wa kuziba matairi, anaziba tundu la msumari kwenye meno. Ubavu uliokatika hauzibwi, usimruhusu mtu akudanganye. Angalia tu kwamba janti ndogo haigusi breki.

Upana nao usiutamani. Ulaya, wanaojua theluji huchukua tairi jembamba kati ya yanayoruhusiwa, kwa sababu linakata tabaka laini la juu na kufika kwenye ardhi ngumu. Tope la njia ya Minova na Kalehe wakati wa mvua linadai hivyohivyo. Tairi pana pia linagusa bodi. Ukishalifunga, pakia gari, kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Vidole 2 vipite kila mahali, maana tope nalo linahitaji nafasi yake.

Namba ya uzito inafuata kipimo: 96 ni kilo 710 kwa tairi moja, 102 ni kilo 850, 112 ni kilo 1,120. Usishuke chini ya ile ya kibati. Tarehe ni tarakimu 4 mwishoni mwa maandishi ya DOT: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi likiwa na mshale ubavuni, lifungwe lizunguke kuelekea upande huo.

Kuhusu ubaridi wenyewe: mpira wa matairi hayo umetengenezwa ubaki laini chini ya nyuzi 7. Goma haifiki huko hata usiku. Kwenye lami ya saa sita mchana mpira huo unalegea, gari linayumba kidogo kwenye kona, breki inachukua umbali mrefu zaidi, na meno yanaisha upesi. Tena Austria, kwa mfano, tairi la baridi la radial (lenye R kwenye kipimo) likishuka chini ya milimita 4 za meno halihesabiwi tena kuwa la baridi, kwa hiyo lililotupwa huko linaweza kuonekana hai hapa.

Na hapo ndipo panapoharibu magari mengi ya 4x4: kununua mawili. Mtu ana matairi 2 yaliyochoka, pesa inatosha 2, namba zinafanana, anafunga na kuondoka. Namba zinafanana, lakini tairi halifanani na mwenzake. Jipya lina meno ya milimita 8, la zamani lina 4. Kila milimita 1 ya meno ni zaidi ya milimita 6 za mzunguko, kwa hiyo hapo pana tofauti ya milimita 25 kila tairi linapozunguka. Tairi la 225/65R17 linazunguka karibu mara 440 kwa kilomita. Mbele na nyuma zinapishana mita 11 kila kilomita, na upishano huo hauna pa kwenda isipokuwa katikati, kwenye kifaa kinachogawa nguvu.

Kwenye RAV4 ya kizazi cha 2, kifaa hicho kina sahani ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Zimeumbwa zipishane kidogo wakati tairi linateleza, si njia nzima hadi Sake. Mafuta yanapata moto, yanaganda, sahani zinashikana. Dalili ya kwanza inajitokeza polepole: ukizunguka Rond-point Tchukudu kwa mwendo mdogo, usukani umekatwa, gari linavuta kama mtu amekanyaga breki, na matairi yanalia kwenye lami kavu. Baadaye ni mlio wa chuma chini ya sakafu. Fundi anabadilisha bearingi, mlio unarudi, kwa sababu chanzo kiko kwenye matairi. Subaru yenyewe inataka mizunguko ya matairi yote 4 isipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Hiyo ni milimita 1 ya meno.

Basi pima kabla. Weka upepo sawa, zungushia mita ya fundi cherehani katikati ya meno ya kila tairi, andika namba 4 kwenye karatasi. Zikipishana kuliko hapo, yaache. Hilux na Hardtop za kufunga 4x4 kwa mkono zinavumilia zaidi, mradi usifunge 4x4 kwenye lami kavu.

Tairi la akiba liwe la kipimo hicho hicho. Likiwa tofauti, likufikishe kwa kwado wa karibu tu. Tazama ndani ya tairi pia, si nje pekee: kiraka kikubwa, waya uliochomoza, kutu. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50, na upepo upimwe asubuhi gari likiwa halijatembea.